Mama Alivyopanda Ndege Kwenda Kumtemea Mjukuu Mate

Kibuyu kilifumuka tukiwa juu ya Sudan, au juu ya nchi nyingine ambayo rubani hakujisumbua kuitaja. Mama alikuwa amekificha ndani ya mkoba wake wa ngozi, chini ya shuka la akiba. Kabla hatujaondoka Karatu nilimuuliza kama amebeba maziwa, akanijibu kwamba nimekonda. Nilipomuuliza tena pale kiwanja cha ndege, akasema mtu akisoma sana huishia kuuliza maswali ya polisi. Sasa kifuniko kilitoka kwa mlio kama wa kofi, na maziwa mgando yakateremka polepole kwenye ukingo wa kiti hadi kwenye kiatu cha bwana aliyekaa upande wa pili wa Mama, bwana mwenye suti ya kijivu ambaye tangu tuondoke alikuwa amejikunyata ili asiguswe na shuka lake.

"Yeyo," nilimwambia, maana ndivyo tunavyomwita mama kwa Kimaasai, "hayo si maziwa?"

"Ni ya mjukuu wangu," alisema. "Yamechoka kusubiri."

Harufu ile naijua tangu kuzaliwa. Nyumbani Nainokanoka, asubuhi yenye ukungu, ndiyo harufu ya kuamka na kuwa na mama. Lakini kule juu, ndani ya bomba lile lililofungwa kila upande, ikichanganyika na sigara za watu wa viti vya nyuma na kuku aliyepashwa moto kwenye karatasi ya bati, iligeuka kitu kingine kabisa. Nilitapika kabla yule bwana hajamaliza kuvua kiatu chake. Nilikuwa nimeishika mifuko ya karatasi ya kutapikia tangu Kilimanjaro, nimeikagua kama imetoboka, nimejizoeza kuifungua kwa mkono mmoja. Wakati ulipofika nilitapikia mapajani mwangu. Mama alinifuta kwa pindo la shuka lake, polepole, bila kukunja uso, huku akimtazama yule bwana aliyekuwa akisugua soksi.

"Mwambie asisugue," alisema. "Yanalainisha ngozi."

Sikumwambia.

Lazima nieleze tulichokuwa tukikifuata. Kaka yangu, wa kwanza kuzaliwa kwetu, alikwenda Denmark kusomea udaktari wa mifugo mwishoni mwa miaka ya sabini, akabaki huko na kuoa. Ni yeye aliyembishia baba barua kwa barua hadi nikaachwa nisome badala ya kuozwa. Mtoto wao wa kwanza alifariki akiwa bado ananyonya, kwa homa iliyomchukua haraka mno. Habari zilifika Karatu, kwenye duka la mama mdogo nilikokuwa nikiishi tangu nikiwa shule, nami nikapanda lori hadi ukingo wa kreta na kutembea hadi nyumbani kuzipeleka. Mama alikuwa akisiliba ukuta wa nyumba kwa mavi ya ng'ombe. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono ikiwa imejaa, halafu akauliza swali moja tu.

"Nani alimtemea mate?"

Kwetu mtoto hutemewa mate na wakubwa wake. Si mate ya dharau. Ni mepesi, yanatoka pamoja na maneno, na maneno yenyewe ni ya kumwomba Mungu amwache mtoto aishi, achunge, azeeke. Anayezaliwa hutemewa, anayesafiri hutemewa, hata ndama mzuri sana hutemewa ili macho ya watu yasimdhuru. Nilimjibu kwamba huko hakuna mtu wa kwetu, kwa hiyo hakuna aliyemtemea.

"Basi," alisema, akaendelea kusiliba.

Alipozaliwa wa pili, wa kiume, Mama hakusema kitu kingine isipokuwa kwamba atakwenda. Baba alicheka, akasema ng'ombe hawawezi kumsubiri mwanamke anayeruka. Mama akamwambia ng'ombe wana miguu minne na mjukuu ana bibi mmoja. Mtoto alikuwa na miaka mitatu kaka alipotuma tiketi mbili, yangu na yake, akieleza kwamba likizo yake itakuwa fupi na kwamba familia ya mkewe huitumia kila mwaka kwenye bustani moja ya burudani, karibu mji mzima uliojengwa kwa ajili ya kucheza. Ilibidi nimfafanulie Mama.

"Watu wazima wanacheza?"

"Ndiyo, Yeyo."

"Wanacheza nini?"

"Wanapanda vitu vinavyozunguka."

"Halafu?"

"Halafu wanashuka."

Alifikiri. "Na mtoto atakuwepo?"

"Atakuwepo."

"Basi nitapanda na mimi, nishuke."

Mimi ndiye niliyekosa usingizi. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu mwaka ule na nilikuwa nikisubiri kupangiwa kazi na serikali, na mtu anayesubiri ana muda mwingi wa kuogopa. Niliogopa ndege kuanguka, kisha nikaogopa isianguke na tufike. Nilisomea biolojia. Nilikwisha kutazama kwenye darubini tone moja la mate ya binadamu, mate ya mwanafunzi mwenzangu msafi aliyekuwa akisugua meno kwa dawa ya meno adimu ya siku zile, na nilichokiona humo kilinifanya nishindwe kula chakula cha mchana. Kwa hiyo kila Mama alipotaja alichokuwa anakwenda kufanya, nililiona tena lile tone. Nilimwamini na nilichukizwa, vyote viwili, na sikujua pa kuvitenganisha.

Tulibadilisha ndege kwenye kiwanja kimoja kikubwa cha Ulaya. Pale kuna mlango unaopita na unalia ukiwa na chuma, na Mama alikuwa chuma kitupu: bangili, mikufu, na zile hereni za shaba zilizozunguka kama konokono ambazo mwanamke wa kwetu huvaa akiwa ameolewa. Mlango ulilia mpaka watu waliokuwa kwenye foleni wakaanza kucheka. Afisa alimwagiza avue kila kitu kwa ishara za vidole, Mama akitoa kimoja kimoja kwa subira, mpaka yule afisa alipogusa masikio yake.

"Anataka nini?" Mama aliuliza.

"Hereni, Yeyo. Uzivue kidogo tu."

"Baba yako amekufa?"

"Hapana."

"Basi kwa nini anataka nizivue? Muulize ana ugomvi gani na mume wangu."

Nilijaribu kulieleza jambo hilo kwa Kiingereza na nikasikia jinsi lilivyokuwa la kipuuzi likitoka kinywani mwangu, kwamba mwanamke huyu akivua hereni mumewe atadhurika, na mumewe yuko Nainokanoka anachunga. Afisa alimwita mwenzake wa kike. Yule dada alivaa glavu nyeupe za mpira, mbele yetu, akizivuta kidole kwa kidole, na kumpeleka Mama nyuma ya pazia. Mama alirudi hereni zikiwa bado masikioni. Nilimuuliza kama amemuumiza.

"Hapana. Mikono yake imevaa matumbo ya mbuzi," alisema. "Wanaume wao wanawakubali hivyo?"

Chooni hakutaka kwenda. Cha ndege ya kwanza kilikuwa kimemngurumia alipokibonyeza, akatoka mbio akishikilia shuka, na tangu hapo alijizuia safari nzima. Nilikwenda mimi. Sitaeleza nilichokikuta sakafuni. Nitasema tu kwamba nilikuwa nimelelewa kwenye nyumba ya mavi ya ng'ombe, na sijawahi kukanyaga mahali pachafu kama choo kile kilichonukia maua.

Kaka alitupokea akiwa amevaa koti la mvua na amenenepa shingoni. Alilia. Mama naye alilia kidogo, halafu akamsukuma pembeni kwa kiganja kama anavyosukuma ndama anayeziba mlango, maana nyuma yake alikuwa amesimama wifi yangu amembeba mtoto. Wifi ni mrefu, nywele zake zina rangi ya mabua ya ngano ya Karatu baada ya kuvunwa. Mtoto alikuwa na paji la uso la baba yangu. Hilo lilinishtua, lilikuwa paji lile lile, limewekwa kwenye uso wa rangi ya chai ya maziwa.

Mama alikusanya midomo. Niliiona, na kaka aliiona, na kabla pumzi haijatoka alikuwa amejiingiza katikati yao.

"Yeyo, bado. Ngoja kwanza."

"Ningoje nini?"

"Sijamwambia mama yake. Ngoja tupumzike, nitamwambia kesho."

Mama alimeza. Aliweka mkono juu ya kichwa cha mtoto badala yake, na wifi akatabasamu kwa adabu, kisha tulipoingia kwenye gari akatoa kikaratasi kilicholowa dawa na kumpangusa mtoto kichwa, mikono na shingo. Sikujua nimchukie au nimshukuru. Nilikaa kiti cha nyuma nikifikiria vijidudu hadi tulipofika.

Kesho yake kaka hakumwambia. Tuliingia kwenye ile bustani.

Nimejaribu kuikumbuka kwa haki. Palikuwa na maua yaliyopandwa kwa mistari na hakuna aliyekuwa akigombana. Lakini karibu kila kitu pale kilinitia kinyaa. Palinuka mafuta yaliyokaangiwa vitu vingi mno na mafuta ambayo watu walijipaka dhidi ya jua lisilokuwepo. Kulikuwa na sukari iliyosokotwa kama sufu ya waridi, kubwa kuliko kichwa cha mtoto, na watoto walikuwa wakiila kidogo kisha kuitupa, ikayeyuka kwenye sakafu na kunasa viatu. Nyumbani wakati ule tulikuwa tukipanga foleni kwa ajili ya sukari, nusu kilo tu, na mama mdogo alikuwa akiificha chini ya kitanda. Hapa nilikuwa nikiibandua kwenye soli kwa kijiti. Wanaume wazima walikuwa wakila soseji nyekundu zilizopinda, wakiwa wamesimama, mchuzi wa njano ukiwashuka kwenye kidevu. Kwenye vikombe vikubwa vinavyozunguka, msichana alishuka akatapika kwenye ndoo ya maua, akafuta mdomo, akarudi kwenye foleni.

"Anarudi," Mama alisema kwa mshangao.

"Anaipenda, Yeyo," kaka alieleza.

"Wanangojea kwa saa nzima ili waogopeshwe. Mimi niliogopeshwa na ile ndege nikiwa nimekaa."

Alicheka, na kaka akacheka, na kwa muda mfupi walikuwa mama na mtoto wake. Halafu akamvuta mkono. "Umemwambia?"

"Yeyo, leo ni siku ya kucheza."

"Mimi sikuja kucheza."

Mchana ulipopita miguu ilianza kumuuma, akataka mahali pa kukaa. Tulikuwa tumefika sehemu ambayo ramani iliita Afrika. Ilikuwa na vibanda vitatu vya plasta vilivyopakwa rangi ya udongo, simba wa plasta aliyepanua mdomo, ngoma zilizolia kutoka kwenye kipaza sauti kilichofichwa mtini, na mtu mweusi wa plasta mwenye midomo myekundu na mfupa puani, akikoroga chungu kilichokuwa kikitoa moshi wa mashine. Nilisimama nikiwa sijui niweke wapi macho yangu. Kaka alikuwa akitazama viatu vyake. Kumbe kila mwaka alikuwa akipita hapa na familia ya mkewe, na kila mwaka alikuwa akitazama viatu.

Mama aliikagua nyumba. Kwetu wanaojenga ni wanawake, na aliitazama kama fundi anavyotazama kazi ya mwenzake. Aligonga ukuta kwa kifundo cha kidole. Aliunusa.

"Hauna mavi," alisema. "Na ndama wanalala wapi? Mwanamke aliyejenga hii mumewe amfukuze."

Akaketi kwenye kigogo mbele ya mlango, akakunjua miguu na kutulia. Wifi na kaka walimpeleka mtoto kununua maji pale karibu. Mimi nilibaki nimesimama hatua chache, na ndipo nilipoona kwamba foleni imeanza.

Walikuwa wamemwona: mwanamke mwenye shuka jekundu, shanga hadi mabegani, masikio yenye shaba, amekaa mbele ya kibanda. Waliamini ni sehemu ya onyesho. Mwanamke mmoja alimsukumia watoto wake mbele na kupiga picha, akashukuru na kuondoka. Akaja mwingine. Mama alinitazama.

"Wanataka nini hawa?"

Nilipaswa kusema ukweli, na sikujua kuusema kwa Kimaasai. "Wanakusalimia," nilisema.

Jambo hilo lilimpendeza. Tangu tufike hakuna mtoto aliyekuwa amemsalimia inavyopaswa. Kwetu mtoto hasemi na mkubwa akiwa amenyoosha shingo. Huja, huinamisha kichwa, na mkubwa humgusa utosini. Hawa walikuwa wakisimama wima wakicheka kwenye kamera, na Mama aliwasamehe, kwa kuwa ni wageni. Kisha akaja mvulana mdogo mwenye nywele nyeupe kabisa ambaye alivutiwa na makatambuga ya Mama, zile ndara za matairi ya gari. Aliinama ili azione vizuri. Kichwa chake kilishuka hadi magotini kwa Mama na kikabaki hapo, kimya, kama anavyofundishwa mtoto yeyote wa Nainokanoka na watu wake.

Uso wa Mama ulifunguka. Alimwekea mkono utosini, akasema maneno yote, maneno aliyokuwa ameyabeba kutoka nyumbani, na akamtemea mate ya baraka.

Baba wa mtoto alipiga kelele. Alikuwa mtu mkubwa, shingo yake imeungua kwa jua la siku nyingine. Alimnyakua mtoto, akamfuta kwa shati lake mwenyewe kwa nguvu mpaka mtoto, ambaye hadi hapo hakuwa na shida yoyote, akaanza kulia. Watu walirudi nyuma, wakifanya ule uso ninaoujua vizuri, kwa kuwa nilikuwa nimeuvaa mimi tangu asubuhi. Mlinzi alikuja mbio. Alikuwa amevaa kofia pana na kaptura ya kaki, kama mwindaji.

"Wafanyakazi hawaruhusiwi kuwagusa wageni," alimwambia Mama kwa Kiingereza, kwa sauti ya kumfundisha. "Msimamizi wako ni nani?"

"Si mfanyakazi," nilisema, lakini sauti yangu ilitoka ndogo, na nikawa tayari nafikiria polisi, pasipoti, ndege ya kurudi.

Ni wifi aliyefika kwanza. Alikuja akikimbia, chupa ya maji mkononi, akajiweka mbele ya mlinzi na kumwambia kwa lugha yao jambo lililomfanya avue kofia. Baadaye kaka alinitafsiria. Alikuwa amesema: Huyu ni mama mkwe wangu, amelipa kiingilio ambacho wewe hulipi, na ukimwita tena mfanyakazi nitakaa hapa mpaka wafunge. Yule baba mwenye shingo nyekundu alisema kitu kuhusu mate. Wifi akageuka.

"Mate?" alimuuliza kaka. "Amemtemea mtoto mate?"

Kaka alikuwa amembeba mwanawe. Akafumba macho. "Ni baraka," alisema. "Ndicho alichokuja kukifanya. Kwa huyu."

Wifi hakupiga kelele. Ingekuwa rahisi kama angepiga. Aliketi kwenye kigogo karibu na Mama, uso mweupe, na kuzungumza nami kwa Kiingereza, taratibu, ili nisipoteze neno.

"Mwambie hivi. Mtoto wetu wa kwanza alikufa kwa ambukizo. Daktari alisema huenda lilitoka kwa mtu mzima aliyembusu, mtu asiyejua kama anaumwa. Mama yangu mzazi anakaa mji mmoja nasi. Hajawahi kumbusu huyu. Amenikasirikia mpaka leo. Nitamruhusuje yeye nilichomnyima mama yangu?"

Nilitafsiri. Nyuma yetu moshi wa mashine uliendelea kutoka chunguni. Mama alisikiliza, akamtazama wifi kwa muda mrefu kuliko alivyokuwa amemtazama tangu tufike.

"Muulize," alisema, "huyo wa kwanza alikuwa na nywele?"

Nilimuuliza. Wifi alisema alikuwa nazo, nyingi, nyeusi. Halafu akalia, kwa kwikwi, kama mtu asiyekuwa na mazoea, na Mama akamshika kifundo cha mkono.

Siku zilizobaki hakudai tena. Alizunguka nasi kwenye bustani ile kama mtu anayesindikiza maiti ya mtu asiyemjua. Mimi niliwaza usiku na mchana. Nilimpa haki wifi kwa sababu ya darubini, na nilimpa haki Mama kwa sababu ya mambo ambayo darubini haiyaoni, na nikamchukia kaka kwa kunyamaza, kisha nikawaza angesema nini. Nilichokiona ni kwamba wanawake wale wawili walikuwa wanamlinda mtoto mmoja dhidi ya kaburi moja, na kila mmoja alimwona mwenzake ndiye anayelifungulia mlango.

Siku ya kuondoka, pale kiwanjani, tulikuwa tumekwisha kukabidhi mizigo. Nilikuwa na mifuko ya kutapikia mfukoni tangu alfajiri. Tulisimama mahali ambapo wasiosafiri hawaruhusiwi kupita, na wifi akavuta pumzi.

"Mwambie," alisema, "kama ni lazima, atemee kofia ya mtoto. Nitamvisha."

Nilitafsiri nikiona aibu.

"Kofia?" Mama alisema. "Nimevuka mbingu nije nibariki kofia?"

"Anasema?" wifi aliuliza.

"Anafikiria," nilijibu.

"Basi kiatu."

"Yeyo, anasema kiatu."

"Mwambie akileta soksi pia nitachagua."

Kaka alicheka kwa pua, akaacha haraka. Wifi alimtazama mtoto, aliyekuwa akinyonya pipi nyekundu ya kijiti iliyokuwa imeshamchafua hadi masikioni. Nilimwona akipima. Nilimwona akitazama saa, akitazama mikono ya Mama, akitazama ile njia tutakayopita na ambayo bibi wa umri wa Mama asingeipita mara ya pili.

"Utosini," alisema hatimaye. "Kwenye nywele. Si usoni, wala karibu na macho. Na kidogo."

"Utosini, Yeyo. Kidogo."

"Sasa anasema maneno ya mtu," Mama alijibu. "Ni utosini siku zote. Alidhani wapi?"

Wifi alimshusha mtoto chini mwenyewe. Akamwinamisha kichwa kwa mkono wake, kisha akageuza uso na kuuma midomo. Mama alimgusa mtoto. Alisema maneno, na safari hii hakuyasema haraka: aishi, aote meno mapya, achunge, azae, azeeke mpaka asahau jina la ndege iliyomleta bibi yake. Akamtemea, mepesi, hata sidhani yangelowesha unywele mmoja.

Mtoto aliinua uso. Alimtazama bibi yake kama mtu aliyefundishwa mchezo ambao hakujua kwamba upo. Akatoa pipi mdomoni, akajaza mashavu, na kumtemea naye, kwa nguvu zote, mate mazito mekundu yenye vipande vya sukari, yakampata Mama kwenye shavu la kushoto na kuteremka hadi kwenye shanga.

Wifi alipiga yowe. Akaanza kuomba radhi kwa Kiingereza, kwa lugha yake, na kwa neno moja la Kiswahili alilolijua, samahani, samahani, akitafuta vile vikaratasi vyake kwenye mkoba. Kaka aliinama akishika magoti, nikadhani analia. Mama alikuwa amesimama wima, mkono umeinuliwa kumzuia wifi asimguse.

"Umeona?" aliniambia. "Amejibu."

Ndani ya ndege nilikaa kushoto kwake, kwa bahati mbaya. Yale mate yalikuwa yameanza kukauka, yakawa gamba jekundu linalong'aa, yananukia matunda ya uongo, na nzi mmoja ambaye sijui aliingiaje kwenye ndege alikuwa ameshayagundua. Nilimwomba nimfute. Akakataa. Nikasema watu wanatazama. Akasema watazame. Mhudumu alipopita na taulo ndogo za moto, akampa moja huku akionyesha shavu lake mwenyewe, kwa upole, kama mtu anayemwonyesha mtoto. Mama alimshukuru, akakunjua taulo, akapangusa mikono, akainama akapangusa miguu kidole kwa kidole, akairudisha. Kisha akageuza shavu lile upande wangu, ili lisiguse kiti, na akalala nalo hivyo.